Wazee wa Baraza na Adhabu ya Mwuaji

Wako wenzetu wa Shinyanga na Geita wasemao: Jaji huja kutoka mbali, hayajui mambo ya Wasukuma, afadhali wazee wa baraza ndio wakate adhabu za wauaji, kama wafanyavyo Waingereza kwao. Twawajibu kwamba hawaijui desturi waisifuyo. Huko Uingereza watu 12 huamua kama mshitakiwa ana hatia au hana. Adhabu hupimwa na jaji.

Tena, je, sisi hatujaionja hukumu ya kijiji? Mara ngapi bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jiko lake amehesabiwa mchawi kabla hajafungua kinywa! Nani aliandika sababu za hukumu ile? Nani alimkatia rufani? Jaji huandika sababu zake, na Mahakama ya Rufani huzisoma, pengine huzitangua. Kwa hiyo neno la hatia na libaki kwake.

Walakini hatupatani nao watakao kuwaondoa wazee kabisa. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984 iliwapa wazee wa Mahakama ya Mwanzo kura hata katika adhabu. Mwizi wa mbuzi alipimwa kwa kura zao! Lakini katika Mahakama Kuu, ambako mtu hushitakiwa kwa kuua, walitoa maoni tu, na jaji hakufungwa nayo. Na tangu mabadiliko ya sheria ya 2022 aweza kuketi pasipo wao.

Na jaji mwenyewe ana nini mkononi? Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu chamwamuru: aliyeua kwa kukusudia ahukumiwe kufa. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu 3 kunyongwa kwa kumwua mtoto mwenye ualbino wa Bukombe, wa miaka 14. Hao hatuwatetei hata kidogo. Ila twauliza: aliyeua ili auze viungo vya mtu, na baba aliyedanganywa na mganga kwamba ajuza jirani ndiye aliyemwulia mwanawe, je, wapimwe kwa kibaba kimoja? Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilikwisha kusema, tarehe 28 Novemba 2019, kwamba adhabu ya kifo isiyomwachia jaji nafasi ya kupima huvunja haki ya kuishi.

Basi Bunge na limfungue jaji mikono. Kisha, hatia ikiisha kuthibitika, awaite wazee, awaulize mbele ya watu wote: Huyu alikuwa mtu wa namna gani kijijini? Mganga alimwambia nini? Na watoto wa marehemu, nani awaleaye sasa?