Tusizipime Chekechea kwa Kifaransa

Kila ifikapo Septemba, wazazi wa Lubumbashi huzunguka Katuba, Kampemba na Ruashi wakilinganisha shule za chekechea za serikali. Swali lao la kwanza ni lile lile: watoto wa hapa wanajua Kifaransa kiasi gani? Shule ambayo mtoto wa miaka minne hukariri hesabu kwa Kifaransa husifiwa. Ile ambayo mtoto husimulia kwa Kiswahili mambo aliyoyaona sokoni huitwa duni.

Sisi tunasema kwamba kipimo hiki ni kibovu. Mtoto wa miaka mitatu aingiapo darasani hana budi kuomba maji, kumshtaki aliyempiga, na kusema kwamba amebanwa na haja. Akikatazwa kuyasema hayo kwa lugha aliyotoka nayo nyumbani, atanyamaza. Na ukimya wake tutauita adabu.

Wala hatudai jambo geni. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha 4 za taifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inataka lugha za taifa zitumike kufundishia. Sheria ipo; kinachokosekana ni ujasiri wa kuitekeleza.

Tutajibiwa kwamba Kifaransa ndicho mlango wa kazi. Hatukatai. Lakini mtoto aliyezoea kuuliza kwa Kiswahili atauliza pia kwa Kifaransa wakati wake ukifika. Aliyezoea kuitikia tu, ataitikia tu hata akifika chuo kikuu.

Elimu ya bure iliyoanza kutekelezwa mwaka 2019 ni ya shule za msingi, si ya chekechea. Basi mzazi anayetoa fedha yake na aulize ya maana: Mwalimu mmoja analea watoto wangapi? Maji na choo viko wapi? Mtoto akilia, hubembelezwa kwa lugha gani? Kwa maswali hayo, huenda shule iliyodharauliwa ikawa ndiyo bora.

Nasi walimu wa Kiswahili tusijitoe katika lawama. Ni wangapi kati yetu waliowaandikisha watoto wao mahali ambapo Kiswahili hukatazwa hata uwanjani? Kabla ya kuwahutubia majirani, tuanze na nyumba zetu.