Siku 4 Katika Miezi 36: Nani Amuuguze Mtoto?

Katika mijadala yetu ya afya tumezoea kuhesabu majengo. Tunahesabu zahanati, vituo vya afya, vitanda na magari ya wagonjwa, na ni haki kuvihesabu kwa kuwa vimejengwa kwa kodi zetu. Hata hivyo, ipo wodi kubwa kuliko zote ambayo haimo katika taarifa yoyote ya utekelezaji wa bajeti. Wodi hiyo ni chumba cha nyumbani alimolazwa mtoto mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Tetekuwanga, matubwitubwi, macho mekundu, na hata surua isiyo na madhara makubwa, huuguzwa huko. Mganga humpima mtoto, humwandikia dawa ya kutuliza homa, kisha humwambia mzazi: "Mrudishe nyumbani, asichangamane na wenzake mpaka apone."

Sentensi hiyo ni agizo la afya ya jamii. Inamfanya mzazi kuwa muuguzi, mlinzi wa karantini na mpishi wa mgonjwa kwa wakati mmoja, bila zamu, bila posho na bila wa kumpokea. Swali langu leo ni hili: agizo hilo linatekelezwaje katika nyumba ya Mtanzania anayefanya kazi, na gharama yake inabebwa na nani?

Tuanze na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 34 kama kilivyotungwa, inampa mfanyakazi angalau siku 4 zenye malipo mtoto wake anapougua au kufariki, au anapofiwa na mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Wengi husoma hadi hapo na kuridhika. Lakini sheria hiyo hiyo inaeleza kwamba mzunguko wa likizo za aina hii ni miezi 36, na kwamba siku hizo 4 ni jumla, matukio yawe mangapi. Akihitaji zaidi, mwajiri anaweza kumruhusu, ila siku za ziada hazina malipo.

Maana yake ni hii. Mama aliyemzika baba yake mwezi Februari na kuzimaliza siku zake 4 hana hata siku moja ya haki mtoto wake akiugua mwezi Oktoba. Hatakuwa nayo mpaka mzunguko wake wa miezi 36 uishe. Ugonjwa na msiba vimetiwa katika kibuyu kimoja, na kibuyu chenyewe ni kidogo. Linganisha na mfanyakazi anapougua yeye mwenyewe: katika mzunguko huo huo ana siku 126, za kwanza 63 kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Sheria inatambua kwamba mwili wa mfanyakazi unaweza kuugua. Haijatambua vya kutosha kwamba mfanyakazi huyo ana mtoto.

Sasa tuipeleke hesabu ya sheria kwenye hesabu ya ugonjwa. Mwenye tetekuwanga huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla vipele havijatoka, na huendelea mpaka vyote vikauke na kufanya magamba, jambo linalochukua kwa kawaida siku 5 hadi 7. Aliyeambukizwa naye huonesha vipele baada ya siku 10 hadi 21. Kwa hiyo nyumba yenye watoto wawili au watatu haiugui kwa siku 4. Huugua kwa mawimbi: wa kwanza anapona, nyumba inapumua wiki moja, kisha wa pili anaanza. Wimbi likipita lote, mwezi umekwisha. Chanjo ya tetekuwanga haimo katika ratiba ya chanjo za taifa, hivyo kwa familia nyingi jambo hili si la kujiuliza kama litatokea, bali litatokea lini.

Ninayasema haya nikiwa nimeyaona kwangu. Familia yangu inaishi Singida mjini, nami ninafundisha chuo kikuu Dodoma, mwendo wa takribani kilomita 240. Mwezi Mei mwaka jana, muhula ukiwa umeshika kasi, mtoto wetu wa pili, mwenye miaka 6, alirudi kutoka shule na homa. Kesho yake alikuwa na vipele vyenye maji kifuani na mgongoni. Mke wangu ni mwalimu wa sekondari, na wakati huo kidato cha nne walikuwa wakijiandaa na mtihani wa majaribio. Kaka wa mgonjwa ana miaka 9 na hakuwahi kuugua tetekuwanga. Mdogo wao alikuwa na miezi 8, umri ambao ugonjwa huu unaweza kuwa mkali. Mama mkwe, ambaye ndiye hospitali yetu ya kwanza kwa kila jambo, alikuwa Kiomboi, mguu wake ukimsumbua, na safari haikuwezekana. Alibaki dada wa kazi, binti wa miaka 20 kutoka Mkalama. Aliposikia jina la ugonjwa alinipigia simu, akaniambia kwa upole: "Baba, mimi tetekuwanga sijawahi kuugua."

Nilipanda basi jioni ile. Tuligawana nyumba kama wanavyogawana watu waliofikiwa na mafuriko. Mgonjwa alilala nami chumba cha nyuma. Dada na mtoto mchanga wakahamia chumba cha mbele. Mke wangu akawa wa katikati, ananawa mikono kila anapovuka ukumbi. Kucha za mgonjwa zilikatwa fupi asijikune na kutengeneza vidonda. Alipakwa losheni ya kalamaini, akapewa parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Asipirini hapewi mtoto mwenye tetekuwanga, kwa kuwa inaweza kuleta madhara makubwa ya ini na ubongo. Usiku alikuwa akiamka kila baada ya saa moja akililia kukunwa. Mchana nilikuwa naandaa mihadhara kwa sauti na kuwatumia wanafunzi wangu kwa simu. Mkuu wa kazi wa mke wangu, mtu muungwana, alimruhusu siku tatu bila kuandika popote.

Siku ya 15 kaka mtu alitoka vipele. Siku ya 16 akafuata dada wa kazi, na kwa mtu mzima ugonjwa huu hauna masihara: alikuwa na homa kali na hakuweza kumeza chakula. Tukawa na wagonjwa wawili na msaidizi hakuna. Mtoto mchanga, kwa rehema ya Mungu, aliepuka. Dada alipumzika siku 10 akilipwa ujira wake, nasi tukapika na kufua.

Simulizi hii si ya kishujaa. Tulivuka kwa sababu tatu ambazo Watanzania wengi hawana: nyumba yenye vyumba vya kutosha, kazi yangu inayoweza kufanyika nje ya ofisi kwa siku kadhaa, na bosi mwenye huruma. Muuguzi wa zamu ya usiku hana la pili. Familia inayoishi chumba kimoja cha kupanga haina la kwanza. Na la tatu si haki, ni hisani. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Haki unaweza kuidai na kuipangia maisha. Hisani huiombi mara mbili kwa mwaka bila kuonekana msumbufu, na kesho bosi akihamishwa, huondoka naye.

Pale haki inapokosekana, mzigo hauyeyuki, hushuka kwa aliye chini zaidi. Kwanza humwangukia mama, ambaye katika nyumba nyingi ndiye anayetarajiwa kuacha kazi yake hata kama mshahara wake ndio mkubwa. Kisha humwangukia bibi, ambaye huitwa kutoka kijijini na umri wake. Mwisho humwangukia binti wa kazi. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri. Kwa fedha hiyo tunamkabidhi mgonjwa wa kuambukiza bila hata kumuuliza kama ana kinga. Akiugua, nyumba nyingi humpa nauli arudi kwao. Tunasahau kwamba mambo mawili hutokea hapo: tumemnyima likizo ya ugonjwa ambayo yeye pia, kama mfanyakazi, anastahili kisheria, na tumeusafirisha ugonjwa hadi kijijini kwao.

Mzigo ukikosa hata huyo wa kumwangukia, humrudia mtoto mwenyewe. Hupewa parasetamoli alfajiri homa ishuke, hufungwa vifungo vya shati hadi shingoni, na kupelekwa shule. Mzazi huyo hatendi hivyo kwa ukatili. Ana siku 4 katika miezi 36, na labda alishazitumia. Lakini darasani wapo watoto wengine makumi, yupo mwalimu mjamzito, yupo mtoto mwenye kinga dhaifu. Ugonjwa ukiwa ni surua, hali ni nzito zaidi, kwa maana surua huambukiza kuliko karibu magonjwa yote tunayoyajua. Katika watu 10 wasio na kinga wanaokaa karibu na mgonjwa, 9 huweza kuipata. Ndiyo maana Februari 2024 Serikali iliendesha kampeni ya chanjo ya surua na rubela nchi nzima, juu ya dozi za kawaida za miezi 9 na miezi 18. Tumekubali kulipia chanjo kwa sababu ugonjwa wa mtoto mmoja ni wa wote. Kwa mantiki hiyo hiyo, siku za mzazi kukaa na mtoto anayeambukiza si upendeleo kwa mzazi. Ni kinga kwa darasa zima.

Najua pingamizi mbili zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba waajiri watalemewa na wafanyakazi watadanganya. Udanganyifu una dawa: cheti cha mganga, kama ilivyo kwa likizo ya ugonjwa wa mfanyakazi mwenyewe. Kuhusu gharama, si lazima mwajiri aibebe peke yake. Sweden humlipa mzazi anayebaki na mtoto mgonjwa kupitia bima ya jamii, hadi siku 120 kwa mtoto kwa mwaka. Sisi si Sweden, nami siombi siku 120. Lakini Afrika Kusini, jirani yetu katika SADC, hutoa siku 3 zenye malipo kila mwaka kwa majukumu ya familia, ukiwamo ugonjwa wa mtoto. Kwa miezi 36 hizo ni siku 9. Na mifuko yetu ya NSSF na PSSSF tayari hulipa mafao ya uzazi. Wazo la mfuko kushiriki gharama ya malezi si geni hapa.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: likizo itamfaa nini mkulima wa alizeti wa Ikungi, au mama anayechambua vitunguu katika soko la Misuna, ambaye asipofika leo hali leo? Ni kweli, likizo haimfai. Huyo anahitaji mtu wa kumfikia nyumbani. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga wahudumu zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Mhudumu huyo apewe jukumu la wazi la kutembelea kaya yenye mtoto anayeambukiza, aeleze dalili za hatari, na kuwaangalia wadogo waliobaki. Ziara mbili kwa wiki hazitaondoa njaa, lakini zitamwondolea mama safari ya zahanati akiwa na mgonjwa mgongoni na mwingine mkononi.

Napendekeza basi mambo manne. Kwanza, siku za kuuguza mtoto zitenganishwe na siku za msiba, na zihesabiwe kwa mwaka badala ya miezi 36. Siku 7 kwa mwaka kwa kila mzazi ni mwanzo wa staha. Pili, siku hizo ziwe za baba na mama kila mmoja kwa jina lake, ili baba asipate kisingizio wala mwajiri asimwone mama peke yake kuwa hasara. Tatu, shule ziwe na utaratibu ulioandikwa: mtoto aliyezuiwa na mganga asihesabiwe mtoro, na mzazi ajulishwe ugonjwa unapozuka darasani. Nne, mikataba ya wafanyakazi wa nyumbani itaje ugonjwa: nani anaugua, nani anauguza, na malipo yanaendeleaje.

Wapo watakaosema Bunge halina nafasi ya mambo madogo kama haya. Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yalirefusha likizo ya mama aliyejifungua mtoto njiti, baada ya miaka ya utetezi wa watu na taasisi kama ile ya Doris Mollel. Hakuna aliyeamka asubuhi akaona jambo hilo limejileta. Watu waliandika, walikwenda kwenye kamati, walirudi tena na tena. Mwanafunzi wa sheria anayetafuta mada ya tasnifu, mwanaharakati anayetafuta ajenda isiyo na kelele, ofisa wa umma anayeandaa maoni ya wizara yake: kazi ipo hapa, na kifungu cha kurekebisha kinajulikana.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Kwa miongo miwili sasa, sheria yetu imekuwa ikiamini kwamba mkono huo mwingine utapatikana tu, kwa bibi, kwa jirani, kwa binti wa watu. Ni wakati wa sheria yenyewe kunyoosha mkono.