Koo Linalouma Msimu wa Salfa
Katika vijiji vya Kitaya na maeneo mengine ya bonde la mto Ruvuma, miezi ya Juni hadi Septemba huwaletea watu wengi mwasho wa koo usiotokana na maradhi. Mikorosho inapoanza kuchanua hushambuliwa na ubwiriunga, yaani ukungu mweupe unaokausha maua kabla hayajazaa, na kinga yake ya miaka mingi imekuwa salfa ya unga, ambayo hurushwa kwa mashine ya kubeba mgongoni alfajiri upepo ukiwa umetulia, hata vumbi hilo la njano likabaki likielea chini ya miti na kumwingia mpulizaji machoni na kooni, pamoja na watoto waliomfuata shambani. Mkulima wa namna hiyo akinunua dawa ya kupuliza kooni hajakosea, ingawa barakoa ingemfaa zaidi, nayo ni kifaa ambacho katika mijadala ya pembejeo hakitajwi hata robo ya salfa yenyewe inavyotajwa.

Dawa hizo hazifanani. Zipo zenye lidokaini, ambayo ni dawa ya ganzi. Zipo zenye benzidamini, inayotuliza maumivu na kupunguza uvimbe. Na zipo zenye klorheksidini, inayoua vijidudu vya juu juu. Zote hufanya kazi pale zinapogusa tu, na nafuu yake ni ya muda mfupi. Aliyepuliza dawa ya ganzi hana budi kungoja ganzi iishe ndipo ale, kwa kuwa koo lisilohisi humeza ovyo na mlaji huweza kupaliwa.

Hatari kubwa zaidi imo katika siku zinazopotea. Maumivu mengi ya koo husababishwa na virusi na huisha yenyewe kwa muda wa wiki moja hivi, lakini kwa watoto, hasa wenye umri wa miaka 5 hadi 15, sehemu ya maumivu hayo huletwa na bakteria waitwao streptokokasi, ambao dalili zao ni homa, mafindofindo yenye usaha, tezi za shingo zilizovimba na, jambo ambalo wazazi wengi hawalitilii maanani, kutokuwepo kwa kikohozi. Bakteria hao wasipotibiwa, wiki mbili au tatu baadaye kinga ya mwili huweza kugeuka na kushambulia viungo na vali za moyo, yaani milango inayoelekeza damu, hadi mtoto akahitaji matibabu ya kibingwa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Penisilini huzuia madhara hayo hata ikianzishwa siku ya tisa tangu koo liume, ilhali mtoto anayepulizwa dawa kila asubuhi huonekana ana nafuu na siku hizo zikapita. Kukata kimio, desturi ambayo bado ipo sehemu nyingi nchini, kuna kosa hilohilo na kuongeza jeraha, damu na hatari ya pepopunda. Kwa kulinganisha, chupa ya dawa ni afadhali mara nyingi.

Safu hii haioni sababu ya kuzipiga marufuku dawa za kupuliza. Mpango wa maduka ya dawa muhimu, ulioanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 kwa lengo la kuondoa udhaifu wa maduka ya dawa baridi, ulisimama juu ya muuzaji aliyefunzwa, anayeuliza kabla ya kupokea fedha. Kwa koo maswali yanayotosha ni machache: umri wa mgonjwa, siku alizougua, kama ana homa, kama anakohoa, na kama alikuwa kwenye salfa. Mtoto wa miaka minane mwenye homa asiyekohoa hauziwi chupa. Mzazi wake huelekezwa zahanati siku hiyohiyo, na anayetokwa mate kwa kushindwa kumeza, au anayepumua kwa shida, hukimbizwa hospitali bila kupulizwa chochote.