Mikono ya Mama Haitoshi



Wapendwa katika Kristo, Februari 2004, kanuni za marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi wa Kenya, zilipoanza kutekelezwa, kila abiria wa matatu alitakiwa kufunga mkanda. Tulifunga kwa muda. Siku hizi wengi wetu huukumbuka tuonapo askari wa trafiki mbele, tukishampita, tunaufungua. Wapo wanaolalamika kuwa mikanda ni michafu, nao hawasemi uongo.

Hoja nyingine huwa ya kidini: siku ikifika imefika, tena rozari inaning'inia kwenye kioo. Rozari ni silaha njema. Lakini Ibilisi alipomtaka Bwana wetu ajitupe kutoka kinara cha hekalu akitegemea malaika, Bwana alikataa, kwa kuwa huko ni kumjaribu Mungu (taz. Mt 4:5-7). Hatuoni tofauti kubwa kati ya kinara kile na kiti cha mbele cha gari liendalo kilomita 80 kwa saa, mkanda ukiwa umeachwa kando. Shirika la Afya Duniani hueleza kuwa mkanda hupunguza hatari ya kifo kwa abiria wa mbele kwa karibu nusu.

Linalotuhuzunisha zaidi ni watoto. Mama humpakata mwanawe akiamini kuwa hakuna mahali salama kuliko kifua chake. Nyumbani ni kweli. Lakini gari la kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 10 huvutwa mbele kwa nguvu ya mzigo unaozidi kilo 100. Hakuna mikono iwezayo kumzuia, hata ya baba. Kumfunga pamoja na mama katika mkanda mmoja nako ni hatari, maana mwili wa mama humkandamiza. Mtoto mdogo anahitaji kiti chake maalumu kilichofungwa imara garini. Ni ghali, twajua, na katika matatu ni nadra kukiona. Ila wenye magari binafsi, wanaopata fedha za redio mpya ya gari, wana udhuru gani?

Nasi wa parokia hatuna mawe ya kurusha. Katika hija ya mwaka jana kwenda Subukia tuliwaambia wazazi wawapakate watoto ili kupunguza nauli. Tulisali rozari njia nzima, tukafika salama, tukamshukuru Mungu, wala hatukuungama. Mwaka huu kila mtoto atakuwa na kiti chake, na basi halitaondoka kabla viongozi wa jumuiya hawajakagua mikanda. Kwa sababu hiyo nauli itapanda. Atakayeshindwa kuilipa amwone katekista kabla ya Dominika ijayo.