Nyabiondo: Muuzaji wa pikipiki hupimwa baada ya kuuza

Kwa kijana wa Nyabiondo, wilayani Masisi, pikipiki hainunuliwi kwa siku moja. Ng'ombe anauzwa, mavuno ya maharagwe yanauzwa, ndugu wanachanga. Pesa inabebwa hadi Goma, na pikipiki inarudi kwa njia ya Sake na Masisi-kati, katikati ya matope na vizuizi. Ikikufa baada ya wiki mbili, karo ya watoto inakwama, na mgonjwa anakosa wa kumfikisha hospitali.

Ndiyo sababu mnunuzi haulizi bei peke yake. Anawauliza kwanza wamotari wenzake: ukirudi kwa muuzaji huyu na shida, bado anakutambua?

Bajaj na TVS zinatoka India, na zinapatikana katika maduka mengi. Kinachotofautisha duka na duka ni mtu. Muuzaji anayeandika namba ya injini na ya shasi kwenye fakture, anayetoa hati siku ile ile, na anayesema wazi kama piesi ni ya asili au ya kuiga, huyo anatumiwa wateja wengine. Anayeahidi kwamba karatasi zitakuja wiki ijayo anamtwika mteja mzigo. Kwenye kizuizi cha kwanza, motari asiye na hati ndiye anayelipa.

Sheria haiko kimya. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba inamlazimisha muuzaji kukabidhi kitu alichouza na kujibu kwa kasoro zilizofichika. Kama alizijua na akanyamaza, anapaswa kurudisha pesa na kulipa hasara. Lakini mahakama iko mbali, na safari za kushitaki zinaweza kumaliza pesa zilizobaki. Kwa mkaaji wa Nyabiondo, garanti ya kweli ni neno la muuzaji.

Vita imeongeza uzito wa neno hilo. M23 ilipoingia Goma Januari 2025, benki za mji zilifunga milango. Watu walibaki kulipana kwa pesa taslimu au kwa simu. Bila fakture, mnunuzi hana cha kuonyesha. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mteja naye ana deni lake. Anayechukua pikipiki kwa malipo ya kidogo kidogo, kisha akazima simu, anawafungia mlango vijana wote wa kijiji chake. Anayebeba mizigo kupita kiasi bila kubadilisha mafuta ya injini asidai kwamba aliuziwa pikipiki mbovu. Uaminifu wa upande mmoja haudumu.

Vyama vya wamotari na wauzaji vinaweza kukubaliana juu ya mambo matatu: fakture yenye namba zote, hati siku ya kumaliza malipo, na garanti iliyoandikwa muda wake, pamoja na fundi wa karibu anayetambuliwa na duka, ili mtu asirudi Goma kwa kila bulti iliyolegea. Hayo hayahitaji mtaji mkubwa wala kungoja amani ifike.

Muuzaji atakayeyashika hatahitaji matangazo mengi. Wamotari watamtangaza wenyewe, bure, kutoka Sake hadi Walikale.