Mtangazaji Huanza kwa Kusikiliza

Hapana shaka kwamba kila mtangazaji hodari alianza kuwa msikilizaji. Utotoni alikaa karibu na redio ya babaye, akamwigiza msoma habari huku ameshika gunzi la mahindi mfano wa kipaza sauti. Wazee walicheka, kumbe mtoto yule alikuwa darasani.

Darasa hilo si geni nchini. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Na mwaka 1965 ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakutanisha watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Na walipokwisha kusikiliza, walishika majembe wakachimba vyoo. Hiyo ndiyo nguvu ya sauti inayoaminiwa.

Kwa hiyo twasema: mapenzi ya redio ni mbegu njema, lakini mbegu isiyopaliliwa haizai. Kijana anayetaka kutangaza na ajifunze kuisoma taarifa kabla ya kuisema, kuyatamka majina ya watu na miji inavyopasa, na kupima ukweli wa habari. Kiswahili chake kiwe safi, kwa maana wengi watajifunza kutoka kinywani mwake.

Lakini wenye vituo nao wana deni. Wako vijana wanaopokewa kwa jina la "kujitolea", wakafanya kazi mwezi baada ya mwezi pasipo mshahara wala mkataba, eti kwa kuwa wanaipenda kazi. Hiyo si haki. Mapenzi hayalipi nauli wala hayanunui unga. Anayeamka alfajiri ili awaamshe wengine ni mfanyakazi sawa na wa kiwandani au bandarini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Tena, mwenye njaa ni rahisi kununuliwa: akipokea bahasha, habari itapinda, na hasara itakuwa ya wasikilizaji.

Twawasihi wenye vituo wawafundishe vijana hawa, wawape mikataba na wawalipe. Vyama vya wafanyakazi navyo visingoje kuitwa. Sauti ile ni ya wananchi wote. Anayeibeba asibebeshwe bure.