Kidole Kimoja, Nyumba Nzima

Mwezi huu naandika mguu ukiwa juu ya stuli. Kidole kidogo cha mguu wa kulia kimevunjika. Hakuna stori ya kishujaa hapo: usiku, giza, mguu wa kitanda, paa!

Ukimwambia mtu umevunjika kidole cha mguu, anacheka. "Si kidole tu?" Hajui. Mimi na mume wangu tunakimbia pamoja saa kumi na moja na nusu alfajiri, siku nne kwa wiki. Tunaanzia Coco Beach, tunashika Toure Drive hadi Masaki, tunarudi. Watoto wamelala, simu ziko nyumbani. Ada za shule, mambo ya mawifi, hata yale ya chumbani, yote tumeyamalizia barabarani, kwa sababu mkikimbia bega kwa bega hamtazamani usoni, na maneno magumu yanatoka. Ndani ya nyumba sisi ni watu wa "umenunua luku?" basi.

Sasa daktari kasema wiki sita bila mbio. Wiki ya kwanza nilimsikia mzee akifunga kamba za viatu gizani, polepole asiniamshe, kumbe niko macho. Shoga, niliona wivu! Kama vile anamfuata mwanamke mwingine.

Kwa wakimbiaji wenzangu: kidole kidogo mara nyingi hakifungwi hogo. Kinafungwa kwa plasta pamoja na jirani yake, katikati unaweka pamba ngozi isichubuke. Unavaa kiatu cha soli ngumu, na siku za mwanzo unaweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Kwa kawaida mfupa huunga ndani ya wiki nne hadi sita. Kidole gumba ni habari nyingine, maana ndicho kinachosukuma ardhi; hicho usikifanyie masihara. Na kidole chochote kikipinda, kikifa ganzi au kikiwa na kidonda, au kama una kisukari, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Maumivu yakiisha bado si ruhusa ya kukimbia. Ukikanyaga kwa kukwepa kidole, goti na nyonga ndivyo vitakavyolipa deni. Mimi nimepewa mtihani: nitembee haraka dakika 30 bila maumivu, halafu nirukeruke kwa mguu ule mara 10. Nikifaulu, naanza dakika 1 mbio, dakika 2 kutembea, siku moja ndiyo, siku moja hapana.

Kilichoniuma zaidi ni Moshi. Sote wawili tulikuwa tumejiandikisha nusu marathoni ya Kilimanjaro Marathon, zile kilomita 21.1. Nikamwambia aende. Akasema, "Mke wangu, nikakimbie na nani?" Nikanuna kwa sababu hataki kwenda, na najua angekubali haraka ningenuna vilevile. Siku tatu tukaishi kwa luku na chumvi.

Alfajiri ya nne hakufunga viatu. Alikuja kibarazani na chupa ya chai, akasogeza kiti chake sambamba na changu, wote tukawa tunatazama geti. Kimya. Hata robo saa ilipita. Kisha akasema, bila kunigeukia, kwamba mama yake hawezi tena kuishi peke yake kijijini, na anataka kumleta kwetu. Jambo hilo alikuwa nalo moyoni tangu Krismasi! Nilimuuliza kwa nini hakusema tukikimbia. Akasema alikuwa anasubiri siku ambayo sitaweza kuongeza mwendo nikamwacha.

Nilicheka hadi kidole kikauma. Halafu tukaongea kweli: chumba kipi, nani atampeleka kliniki, mshahara wa dada wa kazi. Si yote tuliyokubaliana.

Moshi alikwenda, na medali iko ukutani. Mimi niko wiki ya tano. Jumamosi najaribu kurukaruka kwa mguu mmoja. Mama mkwe anafika Jumapili.